Neema Haina Risiti

Mimi ndiye niliyeshika daftari.
Tuanzie hapo, kabla hamjaniuliza mengine.
Miaka kumi na minane mhazini wa usharika wetu wa Yombo,
kalamu mbili mfukoni: ya buluu kwa waliotoa,
nyekundu kwa wenye deni na Mungu.
Ndivyo tulivyosema, deni na Mungu,
na hakuna aliyecheka.

Mzee Kirumbi, bahasha namba mia mbili na sita,
alikufa Jumanne ya masika, maji yakiwa kizingitini.
Mjane akaja na cheti chake cha ndoa ndani ya mfuko wa nailoni.
Nikafungua ukurasa. Nyekundu. Nyekundu. Nyekundu.
Nikamwambia, mama, kengele haitalia.
Nilisema kwa upole.
Upole ule ndio unaoninyima usingizi.

Mwinjilisti Elieskia Mbonea alikuwa anafagia ukumbi,
fundi cherehani wa Vingunguti kabla ya wito,
shati la kola iliyogeuzwa mara mbili,
kigugumizi kilichomwachia tu anapoimba.
Akaegemeza ufagio ukutani, akamfuata mjane.
Walimzika Kirumbi bila joho, bila kwaya,
wakichota maji kaburini kwa ndoo ya rangi.

Jumapili tukakuta karatasi mlangoni,
imechanwa kwenye daftari la shule,
imebandikwa kwa uji wa muhogo, maana msumari hakuwa nao
na nyundo ya kanisa niliifungia mimi kabatini.
Hoja zilikuwa tatu.
Neema haina risiti.
Maiti hadaiwi.
Na ya tatu: Mhazini, namba yako wewe ni ngapi?

Namba yangu ilikuwa moja.
Nilijipa mwenyewe.

Baraza la wazee likamweka kitako saa nne nzima.
"Ni-nilisamehewe bure," alisema, "ni-nimtoze nani?"
Tukamsimamisha kazi. Mkono wangu ulinyooka wa kwanza.

Basi akarudi kwenye cherehani yake chini ya bati,
na kwa chaki ya kukatia nguo
akawafundisha wauza maandazi a, e, i, o, u
juu ya vipande vya kaniki,
kisha silabi, kisha Warumi, sura ya tatu, kidole kwa kidole.
Watu walileta suruali kupunguzwa
wakaondoka saa mbili usiku, suruali bado ndefu.

Mwaka wa pili, katikati ya mahubiri,
Mama Nakunda muuza supu akasimama:
"Baba Mchungaji, mstari huo unaendelea.
Mbona umeukatia njiani?"
Sijawahi kusikia kanisa likinyamaza vile.
Feni tu, na kurasa zikifunguliwa,
kurasa nyingi, kama mvua inayokaribia mabati.
Mke wangu naye alikuwa anafungua.
Sikujua kama anajua kusoma.

Sitamchora malaika.
Alikuwa mkali kwa waliompenda.
Naftali Sempombe, aliyembebea cherehani siku alipofukuzwa,
walitofautiana juu ya ubatizo wa watoto,
na miaka tisa hawakupeana mkono,
nyumba zao zikitazamana, wakitumia bomba moja.
Mtu aweza kuufungua mlango wa kanisa
akaufunga wake.

Alifia Temeke, wodini, kitanda cha pembeni.
Daftari langu lilikuwa limeshaliwa na mchwa;
hakuna aliyelililia.
Kengele niliipiga mimi,
mpaka kamba ikanichubua viganja.
Naftali alisimama nje ya geti, hakuingia, hakuondoka.

Sasa kila Oktoba wanauza kalenda yenye sura yake,
kola imenyooshwa kwa kompyuta,
na chini, kwa herufi za dhahabu, hoja mbili.
Ya tatu wameiacha.
Jana nilitoa elfu tatu yangu.
Kijana wa mezani, mjukuu wa Kirumbi,
akaninyooshea kalenda kwa mikono miwili, kwa adabu,
akachukua kalamu:
"Babu, nikuandikie risiti?"